Jiwe la Karatasi Lenye Jina Lako

Peckham, London
Jumamosi, katikati ya Novemba

Kwa Mama mpenzi,

Shikamoo Mama. Naanza na shikamoo na nitamalizia na shikamoo, maana simu zangu hujazipokea Jumapili nne sasa na salamu zimenijaa kifuani. Magoti yanaendeleaje na hiyo baridi ya Wundanyi? Ile dawa ya kuchua bado ipo au imekwisha? Ng'ombe mwekundu ameshazaa? Namuuliza mdogo wangu Mwadime kila siku, naye hunijibu neno moja moja, "wazima," "salama," "sawa," kana kwamba maneno anayanunua dukani. Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama Wakesho yuko kwenye kazi yake ya kutunza wazee, mimi niko shuleni kama kawaida, na mjukuu wako Wakesho ameng'oka meno mawili ya mbele. Lakini nyumba haina raha, na sababu yake unaijua.

Barua hii naomba uisome mwenyewe. Vaa miwani, ukae pale barazani penye mwanga. Usimpe Mwadime akusomee, maana yeye hufupisha, atakuambia "anasema pole" halafu aende zake. Anayekuletea ni muuguzi mmoja wa Mwatate anayekaa Croydon, anakuja kumwona baba yake. Ndani ya bahasha utakuta kitu kimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Usikifungue kabla hujafika mwisho wa barua. Nakujua, mkono umeshakwenda huko. Tafadhali, Mama.

Sasa nisikilize. Huku kila mwisho wa Oktoba wana sikukuu yao ya kutishana, wanaiita Halowini. Watoto wanavaa nguo za mizuka na wachawi, wanapita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Malenge, haya haya unayopanda wewe nyuma ya zizi, wanayachokoa, wanayatoboa macho na meno, wanatia mshumaa ndani na kuyaweka mlangoni mpaka yaoze. Nilileta moja nyumbani nikasema tulipike na nazi. Mama Wakesho akasema yeye hapiki kitu kinachomtazama.

Shuleni nako, wiki ile ya mwisho kabla ya likizo fupi, somo la kuandika huwa ni la mizuka mwanzo mwisho. Mapazia yanashushwa mchana mweupe, taa zinazimwa, mwalimu anafungulia sauti ya upepo na mlango unaolia kwenye kompyuta. Wana sanduku lenye tundu. Mtoto anatia mkono ndani, anashika zabibu zilizomenywa, anaambiwa hayo ni macho. Anashika tambi baridi, anaambiwa hayo ni matumbo. Anapiga kelele, anakimbia kwenye dawati, anaandika alichohisi. Nikwambie ukweli, kama mwalimu nililipenda lile sanduku. Kuna watoto ambao mwaka mzima hawavuki mistari miwili, siku ile waliandika ukurasa. Miaka kumi na miwili niliyofundisha huko nyumbani sikuwahi kubuni kitu kama hicho. Kilichonikera ni zile tambi, sufuria nzima, kwenda kwenye pipa la taka.

Kazi ya mwisho ya wiki ndiyo iliyotuletea balaa. Kila mtoto alipewa karatasi ngumu ya kijivu iliyokatwa mfano wa jiwe la kaburi. Juu yake aandike R.I.P., kisha jina lake mwenyewe, kisha chini yake hadithi ya mzuka wake unaotoka mle ndani. Mwalimu wa darasa la Wakesho anaitwa Miss Harriet, binti wa miaka ishirini na kitu, hana ubaya wowote, anawapenda watoto. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika darasa la jirani. Na aliyeyakata mawe ya madarasa yote mawili ni mimi, Mama. Mwalimu mwenye cheti chake kwenye fremu, nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yananigusa kidevu, nakata makaburi kwa mkasi.

Waliposema kila mtoto ataandika jina lake, nilisimamisha mkasi. Huko kwetu nani anaandika jina la mtu aliye hai juu ya kaburi, hata kwa mchezo? Na jina la Wakesho si lake peke yake. Ni lako. Tangu azaliwe sijawahi kumwita kwa jina hapa nyumbani, namwita Mama, kama unavyojua, na yeye huitika kwa maringo kabisa. Nilipaswa kusema palepale. Sikusema, na nitakuambia kwa nini ingawa si sababu ya maana. Mwaka jana nilitoa wazo kwenye mkutano wa walimu, kwamba watoto wasimame mtu mzima anapoingia darasani. Nikaitwa ofisini, nikapewa chai na biskuti, nikaambiwa kwa upole mwingi kwamba maoni yangu yamepokelewa. Ule upole wao unauma kuliko fimbo yako ya mpera. Tangu siku hiyo nikaufunga mdomo. Kwa hiyo nilikata makaburi yao na nikanyamaza.

Ijumaa wakayatundika kwenye korido. La Wakesho lilibandikwa nyota ya dhahabu, la kwanza darasani. Nilipomwona amesimama pale kabla halijatundikwa, jiwe lake limemfunika kifua chote, anacheka na pengo lake, nilisahau kila kitu. Nikatoa simu, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi la ukoo na maneno haya: "Mwandishi wetu huyo." Naapa niliona nyota tu. Nikarudisha simu mfukoni nikaenda kulinda watoto uwanjani kwenye mvua.

Yaliyofuata wewe uliyaona, mimi nimesimuliwa na mke wa Mwadime, na nimeyasikia mara tatu kwa sababu sikuamini. Kwamba binamu yetu wa Voi, ambaye hajapata kusoma kitu hadi mwisho tangu shule ya msingi, aliona R.I.P. na jina lako, akapeleka habari ya kifo kwenye kundi la kanisa bila hata picha. Kwamba wewe ulikuwa shambani unachuma majani ya malenge. Kwamba uliporudi ulikuta akina mama wa kanisa langoni, wamejifunga leso, wana sukari na majani ya chai, wameshaanza wimbo. Ukawauliza nani amekufa. Mmoja akatimua mbio akaiacha leso yake kwenye ua. Na wewe, jinsi ulivyo, ukatua mzigo wako, ukawakaribisha, ukawapikia chai kwa sukari ile ile ya matanga yako.

Mke wa Mwadime alipofika hapo alikuwa anacheka na mimi nilianza kucheka, Mungu anisamehe. Kisha akaniambia ulichosema wageni walipoondoka, baada ya kuoneshwa ile picha.

"Mwambieni Maghanga mama yake ameshazikwa Ulaya," ulisema. "Simu za maiti hazipokelewi."

Jumapili ya kwanza nilidhani utapoa. Nilipiga saa nane mchana ya huku, saa kumi na moja jioni yenu, kama siku zote. Mwadime akapokea, nikamsikia anakupa simu, nikasikia mlango. Jumapili ya pili vilevile. Ya tatu hukuwepo hata nyumbani, na wewe Jumapili jioni huendi popote. Nikakasirika, Mama, nakuambia wazi. Nilikasirikia wazungu na mizuka yao, nikamkasirikia yule wa Voi, nikamkasirikia Mama Wakesho aliyesema hili ni jambo dogo mno. Hata wewe nilikukasirikia. Nilisema jikoni kwa sauti kubwa, mama gani huyu, karatasi tu, karatasi ya shule! Na nyumba zetu za huku ni ndogo, ukipiga chafya jikoni wanakuambia afya chumbani.

Mjukuu wako alikuwa anasikia. Kila Jumapili saa nane hukaa kwenye kochi mapema, amepaka mafuta, simu iko mapajani, na anakuwa amejifunza sentensi moja ya Kiswahili ya kukuambia, maana siku nyingine zote sisi tunamsemesha Kiswahili naye anatujibu Kiingereza. Jumapili ile ya tatu alikaa pale saa nzima na sentensi yake. Kisha akaja jikoni akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama nyanya amekufa kwa sababu yeye aliandika. Nikamwambia hapana, nyanya ni mzima. Akaniuliza, sasa mbona haongei na mimi? Nilibaki naosha kikombe kile kile.

Jumatatu Mama Wakesho akakuta jina limefutwa kwenye begi la shule kwa wino mweusi. Na kwenye daftari, na kwenye koti ndani ya kola. Tulipomuuliza alisema sasa yeye ni Keisha. Ndivyo wanavyomwita shuleni, ni rahisi, na Keisha hajamuudhi nyanya wa mtu yeyote.

Hili la Keisha sikulisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo ninapojichukia. Nilikuwa nalisikia kwenye korido tangu Septemba mwaka jana. Ndoano ya kutundikia koti lake imeandikwa Keisha. Nilipita nikajitia sioni, nikasema ni utani wa watoto. Na ningesema nini, wakati mimi mwenyewe pale naitwa Mista Em? Maghanga imewashinda, wakabakiza herufi moja tu, na mimi nikaitika siku ya kwanza na tabasamu juu. Najikuta siku hizi nikiita "Mama" hapa ndani na hakuna anayeitika, si wewe wala si yeye.

Basi Jumanne baada ya masomo nikamwendea Miss Harriet. Nilikwenda na moto. Nilimweleza kila kitu, jina la mtoto ni la nani kwetu, kaburi ni nini, akina mama langoni, simu. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliomba radhi mara nyingi, machozi yakamlengalenga, nikaona hata hasira yangu haina pa kukaa. Halafu akapangusa macho akaniuliza kitu kimoja.

"Lakini hadithi yenyewe umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Wewe uliyekuwa ukinisimamisha nikusomee insha zangu wakati unakoroga ugali, hukuniacha niruke hata kituo kimoja. Mimi nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka kumi na miwili kwa kalamu nyekundu, kazi ya mwanangu mwenyewe nimeipiga picha, nimeituma Kenya nzima, sijaisoma. Nikatoka nikaenda kwenye korido. Kazi zao hutundikwa chini, kimo cha mtoto, kwa hiyo ilibidi nipige magoti. Aliandika Kiingereza, mimi nakutafsiria:

"Hapa amelala Wakesho. Hakuugua. Alikufa kidogo kidogo, kila walipomwita Keisha. Mzuka wake hutembea kwenye korido kutafuta mtu wa kumwita. Mwalimu hawezi. Watoto hawawezi. Baba anaweza, lakini Baba akiwa shuleni ana jina la uongo na yeye pia ni mzuka. Jumapili saa nane Baba anapiga simu. Anayepokea ni nyanya, ambaye jina lake ni hilo hilo. Nyanya anasema WAKESHO kwa sauti kubwa kwa sababu anafikiri London ni mbali. Mzuka unapata miguu. Anakuwa msichana mpaka Jumatatu."

Nililia pale chini, Mama. Msafishaji akapita na mashine yake akaniuliza kama nimeumia goti.

Kesho yake nilibandua lile jina la Keisha kwenye ndoano kwa kucha zangu, na Miss Harriet akaandika jina sahihi kwa herufi kubwa. Akawasimamisha watoto wote ishirini na tisa wakalitamka, Wa-ke-sho, Wa-ke-sho, ungewasikia. Na mimi nimeandika Maghanga kwenye kitambulisho changu kinachoning'inia shingoni. Wanalitafuna kama nyama ngumu, lakini wanalitafuna. Mkuu wa shule alilitamka vibaya mara tatu mbele ya wazazi na sikumwambia niite Mista Em. Nilingoja mpaka akalipata.

Lakini Wakesho haitiki. Akiitwa darasani anatazama dirisha. Hapa nyumbani nikimwita Mama ananisahihisha, anasema mimi ni Keisha. Nilimwambia sasa shule nzima inajua jina lako. Akasema wao wamelijua juzi, na mwenye jina amekasirika. Ametulia kabisa akisema hivyo, hata halii. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mapazia yao yote yaliyoshushwa.

Sasa Mama, unajua ninachokuja kuomba. Nilipotoroka shule kwenda kwenye mbio za baiskeli, nikakudanganya, ulikaa siku mbili hunisemeshi. Siku ya tatu ulinisimamisha uani, ukachukua kikombe cha maji, ukatia kinywani, ukayatema, ukasema hasira itoke, mtoto apoe. Ulitasa kama wazee wa zamani, wewe mwanamke wa kwaya, na ukaniambia nisimwambie mchungaji. Ulisema hasira ya mzazi hata ikikaa kimya inatembea, na haichagui inakokwenda. Hii yako imevuka, imenikosa mimi niliyekosa, imemkuta yeye. Najua hukuituma huko.

Kitu kilichokunjwa ni lile jiwe lenyewe. Nililiomba, wakanipa. Sasa lifungue. Utaona maandishi yake, amerithi ile K yako yenye mguu mrefu, sijui aliiona wapi. Tasa juu yake. Kisha litie kwenye mafiga chini ya sufuria ya malenge, kiive kitu cha kuliwa, watu wanywe chai wakijua hakuna aliyekufa.

Kosa ni langu. Nilikata karatasi, nilinyamaza, nikatuma bila kusoma. Kama bado unataka kuniadhibu niadhibu, una haki, na ukikaa mwaka mzima hunisemeshi nitakuwa nakupigia mwaka mzima. Lakini Jumapili, barua ikishakufika, saa kumi na moja ya jioni yenu, simu italia. Sitakuwa mimi mwenye kuongea. Nitampa yeye. Si lazima mzungumze. Sema jina tu, kwa sauti ile ile kubwa, halafu ukate ukitaka.

Nisalimie mdogo wangu Mwadime, mwambie maneno hayalipiwi. Nisalimie mkewe aliyenisimulia ukweli. Nisalimie shangazi mkubwa wa kule Mgange, namwomba radhi, nasikia alikuwa ameshapanda gari kuja kukuzika. Yule mama wa kanisa aliyekimbia mrudishieni leso yake. Binamu wa Voi msalimie pia, hata yeye na mimi sasa tuko daraja moja. Mama Wakesho anakusalimu sana, amekuwekea soksi nzito mbili kwenye mzigo wa muuguzi, uvae usizihifadhi kabatini.

Shikamoo tena, Mama.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka kwa majuto,
Maghanga

Nimemwachia nafasi hapa chini. Amekaa na penseli tangu nilipoanza kuandika, akafuta mara nyingi, jina aliloandika mwishoni amelichagua mwenyewe. Sikumsahihisha.

shikamoo nyanya. mimi sija kufa. wewe hu ja kufa. nime soma sentensi mpya kwa ajili ya simu. kama una weza ku niita mimi nita itika.
ni mimi Wakesho